Mwanahistoria na zana za kidijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa na wanafunzi wa historia, walimu wa shule, na pia watafiti wazoefu waliochoka kuambiwa kwamba wamepitwa na wakati. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina mikunjo mingi. Mengine hayahitaji zaidi ya aya moja. Zana nilizozitaja kwa jina zimetumika kwa miaka mingi, na nyingi hazilipiwi.

Ukiacha kuandika kwa kompyuta, mwanahistoria anazihitaji zana hizi kwa lipi?

Kwa kutafuta vyanzo, kuvipanga, kuvionyesha kwa wengine na, kubwa kuliko yote, kuviuliza maswali ambayo macho peke yake hayayawezi. Kufuatilia jina la mtu mmoja katika magazeti ya miaka 50 ni kazi ya kumaliza ujana wako. Kompyuta huimaliza kabla hujakaa vizuri kitini. Lakini angalia kilichotokea hapo: jasho lililokuwa likimwagika katika kutafuta sasa linatakiwa limwagike katika kutilia shaka. Nani aliandika hati hii? Aliiandika kwa ajili ya nani? Nani hakuulizwa? Na sasa yameongezeka mengine: nani aliichagua hati hii iingizwe kwenye mashine, na zipi ziliachwa kabatini?

Je, mambo haya yalianza na intaneti?

La, ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1949 padre Mjesuiti wa Italia, Roberto Busa, alimwendea Thomas Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, akaomba mashine za kadi zenye matundu zimsaidie kuorodhesha kila neno katika maandishi ya Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13. Ni maneno yapatayo milioni 11, na kazi ilichukua takriban miaka 30. Katika miaka ya 1960 na 1970 wanahistoria wa uchumi na wa idadi ya watu walikuwa wakijaza takwimu za sensa na za vizazi kwenye kompyuta kubwa zilizochukua chumba kizima.

Intaneti ilileta msomaji. Mwaka 1993 Edward Ayers na wenzake katika Chuo Kikuu cha Virginia walianza kuweka mtandaoni barua, magazeti na sensa za kaunti mbili za Marekani, moja ya Kaskazini na moja ya Kusini, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ili mtu yeyote azisome mwenyewe na kufikia hitimisho lake. Mwaka uliofuata Roy Rosenzweig alianzisha kituo cha historia na vyombo vipya vya habari katika Chuo Kikuu cha George Mason. Zotero, Omeka na Tropy, ambazo utazikuta katika majibu yanayofuata, zote zilitoka kwenye kituo hicho.

Lazima nijue kuandika programu?

Si lazima. Wengi wanaofanya kazi nzuri hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Ukitaka kujifunza, mradi wa Programming Historian, ulioanza mwaka 2008, unatoa masomo ya bure yaliyopitiwa na wataalamu, kwa Kiingereza, Kihispania, Kifaransa na Kireno. Ushauri wangu ni kwamba usijifunze programu kwa sababu ya fasheni. Ngoja mpaka uwe na swali linalokusumbua na mkono wako hautoshi, kwa mfano una faili 3,000 na unataka kujua zipi zinamtaja mtu fulani. Ukiwa na swali la namna hiyo somo linaingia haraka. Bila swali, wiki ya pili utakuwa umeshaacha.

Nianze na zana zipi?

Zotero kwa marejeo, maana inahifadhi vitabu na makala ulizosoma na kukuandalia orodha ya marejeo kwa mtindo wowote unaotakiwa. Tropy kwa picha za nyaraka. Na programu ya lahajedwali kama Excel, yoyote uliyonayo. Baada ya miezi kadhaa ndipo ufikirie mengine: OpenRefine kwa kusafisha data chafu, Voyant kwa kuchambua maandishi, QGIS kwa ramani, Omeka kwa kutengeneza maonyesho ya mtandaoni. Anayeanza na vyote saba kwa mpigo huishia kuwa fundi wa zana asiye na utafiti.

Nimepiga picha za nyaraka kwa simu, ni maelfu, na sijui ipi ni ipi. Nifanye nini?

Hili ndilo balaa la kizazi chetu. Zamani mtafiti alitoka kwenye hifadhi ya nyaraka na madaftari matatu aliyoyajua kwa moyo. Sasa anatoka na picha 4,000 zenye majina ya IMG na namba, na wiki moja baadaye hajui barua ilianzia wapi na kuishia wapi.

Kwa safari ijayo, kila unapofungua sanduku jipya, picha ya kwanza iwe ya lebo ya sanduku lenyewe. Ya pili iwe ya jalada la faili. Kisha kurasa kwa mpangilio wake, mbele na nyuma, hata kama nyuma unaona ni tupu. Nyuma ya karatasi ndiko makarani walikoandika tarehe ya kupokea barua na jina la aliyepaswa kuijibu, na mara nyingine jibu lenyewe kwa ufupi. Ukirudia ukurasa kwa sababu picha ya kwanza ilitoka na ukungu, futa ile mbaya hapo hapo. Jioni ya siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, hamisha picha na uzipange katika folda zinazofuata mfumo wa hifadhi: mkusanyo, sanduku, faili. Usizipange kwa mada unazozipenda wewe, maana mada zako zitabadilika na namba ya sanduku haitabadilika.

Majina ya faili yaanze na tarehe iliyoandikwa kwa mtindo wa mwaka, mwezi, siku, kama 1893-07-04, ili kompyuta izipange zenyewe kwa wakati. Ndani ya Tropy unaweza kuunganisha picha tano ziwe hati moja yenye kurasa tano, ukaandika mwandishi, mpokeaji na mahali. Kwa picha zako za zamani zilizovurugika, angalia saa iliyorekodiwa ndani ya kila faili. Mfuatano wa saa mara nyingi unafuata mfuatano wa masanduku uliyoyaagiza siku ile, na fomu za maombi au daftari lako litakuambia yaliyobaki.

Nina hakika jina fulani limo kwenye gazeti la zamani, lakini nikilitafuta halipatikani. Kwa nini?

Kwa sababu hutafuti ndani ya gazeti. Unatafuta ndani ya kile ambacho mashine ilidhani imekisoma. Gazeti lilipigwa picha, mara nyingi kutoka kwenye mikrofilamu iliyotengenezwa miaka mingi kabla, tena na mtu aliyekuwa na haraka. Kisha programu ya kutambua herufi, inayojulikana kwa kifupi OCR, ikaigeuza picha kuwa maandishi. Wino uliofifia, karatasi iliyokunjwa, safu mbili zilizokaribiana mno: kila kimoja kinazaa kosa lake. Katika vitabu vya Kiingereza vya kabla ya karne ya 19, herufi s ilichapwa kwa umbo refu linalofanana na f, na hadi leo mashine nyingi huisoma f. Mtafiti anayehesabu maneno katika vitabu hivyo bila kujua jambo hili atagundua msamiati ambao haujawahi kuwepo.

Jaribu hivi. Tafuta vipande vya neno badala ya neno zima. Tafuta makosa unayoyatarajia, kama rn mahali pa m, au c mahali pa e. Tafuta neno linalotembea pamoja na jina hilo: cheo cha mtu, jina la meli, jina la mtaa. Kumbuka pia kwamba majina yenyewe yaliandikwa kwa masikio ya wageni. Anayetafuta Kilwa katika maandishi ya Kireno ya karne ya 16 hapati kitu, kwa sababu Wareno waliandika Quiloa, na Malindi kwao ilikuwa Melinde. Tengeneza orodha yako ya tahajia zote unazokutana nazo na uitunze. Baada ya mwaka mmoja itakuwa na thamani kuliko programu yoyote uliyoinunua.

Maktaba ya Taifa ya Australia ilipata dawa nzuri: katika huduma yake ya Trove, msomaji yeyote anaweza kusahihisha maandishi ya gazeti lililosomwa vibaya, na wapo wastaafu waliosahihisha mistari kwa wingi ambao huwezi kuamini. Magazeti ya nchi nyingine nyingi hayana bahati hiyo.

Kuna jambo moja zaidi, na hili naliona ni zito. Mashine husoma vizuri zaidi lugha zilizofundishwa kwake kwa wingi. Kiingereza cha herufi safi za karne ya 20 hupita bila shida, lakini Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama tenzi za kale zilizohifadhiwa London na Hamburg, kinaisumbua sana. Matokeo yake, lugha zilizopata nafasi kubwa katika vitabu vya historia zinaongezewa nafasi tena. Kwa hiyo utafutaji ukikuletea sifuri, umejua tu kwamba mashine haikuona. Usiandike kwamba jambo hilo halikuwepo.

Je, kompyuta inaweza kusoma mwandiko wa mkono?

Inaweza, na miaka ya karibuni imepiga hatua kubwa. Programu ya Transkribus, iliyokulia katika Chuo Kikuu cha Innsbruck na sasa inayoendeshwa na ushirika ulioundwa mwaka 2019, hujifunza mwandiko kutokana na kurasa ulizonukuu wewe mwenyewe neno kwa neno kwa uangalifu. Ukiwa na maelfu ya kurasa za karani mmoja, inakulipa. Ukiwa na barua 40 za watu 40, nukuu kwa mkono na usipoteze muda.

Soma vizuri kipimo cha makosa. Ukiambiwa mfumo unakosea herufi 5 katika kila 100, inasikika vizuri. Lakini hiyo ni herufi moja katika kila 20, yaani karibu neno moja katika kila manne au matano lina dosari. Kwa kutafuta mada inatosha. Kwa kunukuu katika kitabu haitoshi hata kidogo. Na makosa hayasambai sawasawa, bali hurundikana kwenye majina ya watu, mahali na tarakimu, yaani palepale anapopahitaji mwanahistoria.

Lahajedwali limeharibu tarehe zangu. Limefanyaje?

Excel haizitambui kama tarehe siku zilizotangulia Januari 1, 1900. Ukiandika tarehe ya mwaka 1873 itaichukua kama maneno tu, na ukiiambia ipange kwa wakati itapanga kwa alfabeti. Upande wa pili, huona tarehe mahali ambapo hazipo. Namba ya sanduku 3-12 hugeuka kuwa siku ya mwezi wa tatu au wa kumi na mbili, kutegemea kompyuta imepangwa kwa desturi ya nchi gani, tena bila kukuuliza.

Njia ya salama ni kufanya mwaka, mwezi na siku kuwa safu tatu tofauti, zote zikiwa namba, na kuongeza safu ya nne yenye tarehe kama ilivyoandikwa kwenye hati, neno kwa neno. Safu zenye namba za marejeo zitangaze kuwa maandishi kabla hujaanza kujaza.

Ile safu ya nne ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Uingereza ilibadilisha kalenda mwaka 1752: siku iliyofuata Septemba 2 ilikuwa Septemba 14. Kabla ya hapo mwaka wao wa kisheria ulianza Machi 25, kwa hiyo barua ya Kiingereza yenye tarehe ya Februari 10, 1740 kwa hesabu yetu ni ya mwaka 1741. Urusi ilingoja hadi 1918, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba yanakumbukwa Novemba 7. Hati nyingine zinahesabu kwa Hijria, nyingine kwa miaka ya utawala wa mfalme. Ukiandika tarehe uliyoigeuza tu na kutupa ile ya asili, siku utakapoambiwa umekosea hutakuwa na pa kurudia.

Mtego mwingine ni kisanduku kitupu. Je, hati haikusema? Ilisema lakini haisomeki? Au wewe hukuangalia? Ni hali tatu tofauti, zipe alama tatu tofauti. Hili halichoshi kulifanya mwanzoni, na ni adhabu kulirudia baada ya kujaza mistari 2,000.

Historia ya watu inawezaje kuwekwa kwenye hifadhidata bila kuwageuza kuwa namba?

Tazama mfano mmoja mkubwa, SlaveVoyages, hifadhidata ya biashara ya utumwa katika Bahari ya Atlantiki. Ilitoka kwanza kwenye diski mwaka 1999 ikiwa na safari 27,233 za meli, ikaingia mtandaoni mwaka 2008, na sasa ina safari zaidi ya 36,000 za kati ya karne ya 16 na ya 19. Kutokana nayo watafiti wamekadiria kwamba Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa melini na takriban milioni 10.7 wakafika wakiwa hai. Kabla ya hapo wanahistoria walibishana kwa miongo kuhusu ukubwa wa biashara ile, kila mmoja akiwa na makadirio yake. Hakuna mtu mmoja ambaye angefika huko kwa kusoma kitabu kimoja kimoja cha bandari.

Sasa zitazame safu zake. Jina la meli lipo, jina la nahodha lipo, mwenye meli, bendera, tani, bandari za kuondokea na kufikia. Waliosafirishwa wapo kama idadi, na kwa bahati kama mgawanyo wa wanaume, wanawake na watoto. Hifadhidata haikuamua kuwanyima majina. Ilirithi macho ya wafanyabiashara walioandika zile hati, ambao waliwahesabu watu kama shehena. Ukichora mchoro mzuri wa rangi kutokana na data hiyo bila kusema neno kuhusu asili yake, umeendeleza macho yale yale kwa teknolojia ya leo. Waandaaji wenyewe wameliona hili, na pembeni yake wamejenga hazina ya majina ya Waafrika waliokombolewa kutoka kwenye meli zilizokamatwa, kwa kuwa maafisa waliowaandikisha waliandika majina yao.

Jambo la pili lililofichika ni kwamba baadhi ya tarakimu humo ni za hati na nyingine ni makadirio yaliyojazwa kwa hesabu pale hati ilipokosa. Waandaaji wametenganisha safu hizo waziwazi. Wanafunzi wengi huzipakua zote na kuzichanganya. Kabla hujatumia data ya mtu mwingine, soma maelezo yake yote, hata yakiwa ya kurasa 60. Ukiona data haina maelezo, iache.

Ramani za kidijitali zinasaidia au ni pambo?

Zinasaidia pale mahali panapokuwa sehemu ya swali. Kwa QGIS unaweza kuchukua picha ya kidijitali ya ramani ya zamani, ukaibandika juu ya ramani ya leo kwa kulinganisha pointi zinazojulikana, kama makutano ya mito au jengo ambalo bado lipo, kisha ukaona mtaa uliovunjwa ulikuwa wapi. Tahadhari ni mipaka. Ukipaka rangi tawala za karne ya 15 kwa mistari mikali kama ya mataifa ya leo, umewapa mipaka watu ambao nguvu zao zilipungua polepole kadiri unavyoondoka mji mkuu. Programu haina rangi ya "hapa hatuna hakika". Itabidi uibuni mwenyewe.

Naweza kutumia akili mnemba katika utafiti wa historia?

Kwa kazi fulani, ndiyo: kupata rasimu ya tafsiri, kueleza msimbo usiouelewa, kunukuu hati ambayo utailinganisha na picha yake mstari kwa mstari. Kwa kuuliza "nini kilitokea" na kuamini jibu, hapana. Programu hizi hutunga sentensi zinazoelekea kufaa, na hutunga vilevile majina ya makala, kurasa na namba za mafaili ambayo hayapo. Marejeo yoyote iliyokupa yahesabu kuwa uvumi mpaka uyashike mwenyewe.

Katika kunukuu hati kuna hatari ambayo watu hawaizungumzii vya kutosha. Kosa la OCR ya zamani linaonekana: unakuta herufi zisizo na maana, unajua pana tatizo, unarudi kwenye picha. Kosa la akili mnemba limevaa suti. Pale isiposoma vizuri hujaza neno linaloingia sawasawa kwenye sentensi, hunyoosha tahajia ya mwandishi asiyejua kuandika vizuri, na mara nyingine humkamilishia wazo ambalo hakulikamilisha. Tahajia ile mbovu ilikuwa ushahidi. Ilikuambia mtu huyu alisoma kiasi gani, alitamkaje maneno, pengine lugha yake ya kwanza ilikuwa ipi. Ukiitumia, andika katika utafiti wako ni programu ipi, lini, na uliihakiki vipi. Na usipakie humo mahojiano au nyaraka za watu binafsi kabla hujajua zinakwenda wapi.

Darasani nianzie wapi, hasa kama wanafunzi wangu hawana kompyuta kila mmoja?

Anzia kwenye zoezi ambalo kompyuta ndiyo ya mwisho. Nina moja ninalolipenda. Gawa hati 20 fupi zilizochapishwa kwenye karatasi, ziwe zile zile kwa kila kundi. Hifadhidata ya kesi za mahakama ya Old Bailey ya London, yenye kesi karibu 197,000 za kati ya 1674 na 1913, ni mgodi mzuri kwa hili, na ni ya bure. Waambie kila kundi litengeneze jedwali: mshtakiwa, kazi yake, kosa, thamani ya kilichoibwa, hukumu. Usiwape maelekezo zaidi.

Baada ya saa moja linganisha majedwali. Kundi moja limeandika kazi ya mwanamke mmoja kuwa "mke wa seremala", jingine "hana kazi", jingine limeacha wazi. Kuhusu mtu aliyeiba leso na saa pamoja, kuna waliohesabu kosa moja na waliohesabu mawili. Ubishi utakaozuka hapo unafundisha zaidi ya mhadhara wangu wowote kuhusu upendeleo wa data. Baada ya hapo ndipo waonyeshwe hifadhidata yenyewe, kwa projekta moja tu, na waambiwe kwamba kesi za hadi 1834 zilichapwa upya kwenye kompyuta mara mbili na wachapaji tofauti kisha zikalinganishwa ili kunasa makosa. Wataelewa kwa nini.

Zoezi jingine linahitaji simu moja kwa kila watu wanne. Chagueni makala ya Wikipedia kuhusu vita au mapinduzi yenye utata, fungueni ukurasa wa mabadiliko yake, na mfuatilie sentensi moja tangu ilipoandikwa mara ya kwanza. Nani aliibadilisha? Kwa hoja gani? Chanzo gani kiliongezwa, kipi kiliondolewa? Wanafunzi waliozoea kuambiwa "usitumie Wikipedia" hushangaa kuona historia ikigombaniwa mbele ya macho yao.

Katika kusahihisha, toa alama kwa shajara ya kazi: maneno waliyotafuta, wapi walikosa, kwa nini walibadilisha njia. Tovuti yenye picha za kupendeza inaweza kutengenezwa jioni moja bila kusoma chochote.

Naruhusiwa kuweka mtandaoni picha za nyaraka nilizopiga?

Kupiga picha na kuchapisha ni ruhusa mbili tofauti. Hifadhi nyingi hukuruhusu kupiga kwa matumizi yako na kukutaka uombe upya ukitaka kuchapisha. Juu ya hapo kuna hakimiliki ya mwandishi: katika nchi nyingi hudumu miaka 50 au 70 baada ya kifo chake, na barua ambayo haikuwahi kuchapishwa inaweza kuwa na masharti yake. Angalia sheria ya nchi husika.

Kuna pia lisilo la kisheria. Faili la hospitali au la polisi la miaka 80 iliyopita linaweza kuwa halali kuchapishwa na bado likamuumiza mjukuu anayelikuta kwa kuandika jina la familia yake kwenye kitafutio. Faili lililokuwa kabatini lilisomwa na watu kumi kwa mwaka, la mtandaoni halina idadi. Kwa mahojiano ya simulizi, mhojiwa akubali kwa maandishi au kwa sauti iliyorekodiwa kwamba sauti yake itawekwa mtandaoni. Kukubali kuhojiwa tu hakutoshi.

Nitajeje chanzo nilichokisoma mtandaoni?

Taja vyote viwili: hati ya asili na namba yake kwenye hifadhi, kisha mkusanyo wa kidijitali ulikoisoma na tarehe uliyoifungua. Wengi hutaja hati ya asili peke yake kana kwamba waliishika mkononi. Hiyo si haki kwa msomaji, ambaye anahitaji kujua kama uliliona gazeti zima au kipande kimoja kilicholetwa na kitafutio.

Kazi yangu itadumu?

Usipoipangia, haitadumu. Mwaka 1986 shirika la BBC liliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, daftari la kale la ardhi na mali za Uingereza, kwa kukusanya picha na maelezo ya maisha ya Uingereza yote na kuyaweka kwenye diski za leza zilizosomwa na kompyuta maalumu. Haikupita miaka 20, mashine za kuzisoma zikawa adimu na wataalamu wakalazimika kuziokoa data zile kwa kazi ya ziada. Kitabu cha mwaka 1086 kilikuwa bado kinasomeka. Hata taasisi kubwa haina kinga: Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na watafiti duniani kote wakakaa miezi bila huduma zake nyingi za kidijitali.

Kwa hiyo: data ihifadhiwe katika faili rahisi zinazofunguliwa na programu yoyote, kama CSV kwa majedwali na maandishi matupu ya UTF-8, mfumo wa kawaida wa kuhifadhi herufi. Nakala ziwe tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na nyumbani. Kurasa za tovuti yako zihifadhi kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo inafanya kazi hiyo kwa umma tangu 2001. Na data iliyokamilika iweke kwenye hazina ya chuo au ya kimataifa inayotoa kitambulisho cha kudumu, si kwenye akaunti yako binafsi ambayo itafungwa ukibadilisha kazi.

Je, kazi ya kidijitali inahesabiwa ninapoomba kupandishwa cheo?

Inategemea chuo. Chama cha Wanahistoria cha Marekani kilitoa mwongozo wa kutathmini kazi za namna hii mwaka 2015, na vyuo vingine vimeufuata au kutengeneza wa kwao. Usingoje kamati ijifunze wakati faili lako liko mezani. Omba masharti kwa maandishi kabla hujaanza mradi. Ambatanisha maelezo ya kurasa tatu au nne: swali la utafiti, vyanzo vilivyotumika na vilivyoachwa, maamuzi uliyoyafanya kuhusu data, na kazi ya kila mshiriki kwa jina, wakiwemo wanafunzi walionukuu hati. Weka pia picha za tovuti kama ilivyokuwa siku ya kuwasilisha, kwa sababu mjumbe mmoja wa kamati ataifungua miezi sita baadaye, tena kwa simu.